Tafuta Mtu wa Kukuuliza

Wasikilizaji wangu wa Tunduma, Vwawa, Mlowo, Itumba, Chitete na Mkwajuni, nanyi majirani wa Nakonde mnaotunasa kutoka upande wa pili wa mpaka, ambako saa zenu ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima, karibuni. Mazungumzo yanavuka bila kulipiwa ushuru.

Leo siongelei foleni ya malori wala bei ya kahawa ya Mbozi. Mwalimu mmoja wa hisabati, anafundisha sekondari huko Momba, ameniandikia. Ana shahada ya uzamili na anaomba nafasi ya uzamivu Marekani. Amesikia kwamba ukishapokelewa kule, ukishapewa na ufadhili, unakalishwa tena mtihani, na usipofaulu unarudishwa. Anauliza huo mtihani ni wa nini kwa mtu aliyekwisha kufanya mitihani tangu darasa la nne, na atajiandaaje akiwa huku, mbali na chuo na maktaba yake.

Tuanze na huo mtihani wenyewe. Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, kijana anaweza kuingia uzamivu akitokea moja kwa moja kwenye shahada ya kwanza. Ameingia, ila hajaaminiwa. Mwaka wa kwanza au wa pili anapewa mtihani wa kufuzu, unaopita kwenye misingi yote: uchanganuzi wa namba halisi, uchanganuzi wa namba changamano, aljebra, topolojia, na penginepo jiometri au hisabati tumizi. Akifaulu ndipo anamtafuta msimamizi na kuanza utafiti. Akianguka, kwa kawaida anapewa nafasi ya pili. Akianguka tena, mara nyingi anaondoka na shahada ya uzamili. Wanachuo wetu wangesema amedisko, ila amedisko kwa heshima.

Kwetu mambo yamepangwa vingine. Vyuo vyetu vimerithi mtindo wa Uingereza: uwe na uzamili kwanza, halafu uzito wote unawekwa kwenye tasnifu na kuitetea mbele ya watahini. Ujerumani nako hawako mbali na hivyo. Profesa Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata uzamivu wa hisabati. Alikuwa na uzamili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokwenda Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Huko akachukua uzamili wa pili, huu wa fizikia, na mwaka 1986 akamaliza uzamivu wake kuhusu namna vimiminika vya aina fulani vinavyotiririka ndani ya bomba. Kwa mtindo huo, hukalishwi na vijana wa miaka 22 kuulizwa tena mambo ya mwaka wa pili wa chuo. Marekani watakukalisha nao. Na hapo ndipo wenye uzamili wao wanapoponzwa na dharau: wanaona maswali ni ya kitoto, wanayapita haraka, wanakuja kushtuka wamekwama kwenye jambo walilokuwa wakiwafundisha wenzao.

Sura ya mtihani hutofautiana. Harvard ni alasiri tatu mfululizo, saa tatu kila alasiri, maswali sita kwa siku, moja kwa kila tawi kati ya matawi sita. Berkeley walianzisha mtihani wao wa maandishi mwaka 1977, na maswali ya miaka mingi yamekusanywa na Paulo Ney de Souza na Jorge-Nuno Silva katika kitabu kimoja kinene, na majibu yake humo humo. Princeton wao ni kwa mdomo. Maprofesa watatu, wewe, na ubao. Wanakuuliza aljebra, uchanganuzi wa namba halisi na wa namba changamano, kisha mada mbili ulizochagua mwenyewe, na kwenye hizo za kuchagua hawana huruma hata kidogo.

Mtu aliyesomeshwa Tanzania akisikia kuna kitabu kizima cha maswali ya nyuma na majibu yake, moyo unatulia. Madesa hayo! Hivyo ndivyo tulivyovuka. Kidato cha pili tulisolvu pasti pepa, cha nne tukasolvu pasti pepa, cha sita ndiyo usiseme, na chuoni desa la mwaka juzi lilipita mkono kwa mkono mpaka likachanika. Mimi sina ugomvi na madesa. Ila nataka tujue tabia hii ilikotoka, kwa sababu hatukuizua sisi.

Wazee wetu walifanya mitihani iliyosahihishwa Cambridge. Baadaye likaja Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza letu la Mitihani, NECTA. Karatasi ikabadilika jina, mazoea yakabaki. Na huko Cambridge kwenyewe, katika karne ya 19, mtihani wa hisabati ulikuwa kama ligi. Watahiniwa walipangwa wa kwanza mpaka wa mwisho, majina yakatangazwa, na vijana wakalipa walimu wa twisheni wawafundishe mbinu za karatasi ile tu. Mwalimu aliyevuma kuliko wote, Edward Routh, alitoa washindi wa kwanza zaidi ya 20. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza mwaka 1854. Aliyekuwa wa pili mwaka ule anaitwa James Clerk Maxwell, yule yule ambaye milinganyo yake ya umeme na sumaku ndiyo iliyofanya redio hii mnayoisikiliza iwezekane. Godfrey Hardy, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Uingereza, aliupiga vita mtihani ule miaka na miaka. Kupanga watu kwa nafasi kulikoma baada ya mwaka 1909, lakini hata mwaka 1926 alikuwa bado anasimama mbele ya walimu wa hisabati kuutolea hoja kwamba umeidhuru hisabati ya nchi yake. Twisheni zetu za likizo pale Vwawa, ndugu zangu, zina ukoo mrefu.

Sasa kwa nini nasema madesa peke yake hayamfikishi mwalimu wetu? Nitatoa mfano wa lori, maana hapa ni Tunduma na lori kila mtu analijua.

Lori linaondoka Tunduma saa kumi na mbili asubuhi kwenda Mbeya. Linakawia kwenye mizani ya Mpemba, linasimama Mlowo dereva anywe chai, linakokota, na saa kumi na mbili jioni liko Mbeya. Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, linageuza kwa barabara ile ile, na saa kumi na mbili jioni liko Tunduma. Mwendo wa siku ya pili si lazima ufanane na wa siku ya kwanza. Je, kuna mahali njiani ambapo lori lilipita saa ile ile siku zote mbili?

Wewe unayepika, endelea kukoroga huku unafikiri.

Jibu ni ndiyo. Chukulia kwamba ni malori mawili na siku ni moja. Moja linatoka Tunduma, la pili linatoka Mbeya, saa ile ile, barabara ile ile. Lazima yapishane. Pale yanapopishana, yako mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mtoto wa darasa la saba analielewa jibu hili, na ni jibu sahihi kabisa.

Sasa usimame mbele ya watahini. Wa kwanza anasema, vizuri, liandike kihisabati. Unaandika: umbali kutoka Tunduma siku ya kwanza, toa umbali kutoka Tunduma siku ya pili. Asubuhi tofauti hiyo ni hasi, jioni ni chanya, na kwa kuwa lori haliruki kutoka kilomita moja hadi nyingine bila kupita katikati, lazima pawe na wakati ambapo tofauti ni sifuri. Wa pili anauliza: umejuaje kwamba kitu kisichoruka, kikianza hasi na kuishia chanya, lazima kipite sifuri? Unajibu kwamba hiyo ni nadharia ya Bolzano, padri wa Prague aliyeithibitisha mwaka 1817. Anakwambia, jina la padri nalijua, nipe uthibitisho.

Hapa mwenye desa anaanza kutafuta chaki sakafuni. Alilisolvu swali, majibu anayo kichwani, ila uthibitisho wenyewe aliusoma mara moja akaona unaeleweka, akageuza ukurasa.

Aliyejiandaa anasema: nachukua nyakati zote ambazo tofauti bado ni hasi. Mkusanyo huo si mtupu, na una mpaka wa juu. Katika namba halisi, kila mkusanyo wa namna hiyo una mpaka wa juu ulio mdogo kuliko mipaka yote. Nasimama kwenye mpaka huo na kuonyesha kwamba pale tofauti haiwezi kuwa hasi wala haiwezi kuwa chanya. Mtahini wa tatu, aliyekuwa kimya muda wote, anainua kichwa: na kama barabara ingekuwa na zile namba tu zinazoandikika kwa sehemu, nusu, robo, theluthi na nyinginezo, bado ingekuwa kweli? Hapana. Chukua kipeo cha pili cha namba, toa mbili. Kwenye moja unapata hasi, kwenye mbili unapata chanya, lakini kipeuo cha pili cha mbili hakiandikiki kwa sehemu, kwa hiyo sifuri hupati popote. Barabara ya sehemu tupu ina matundu usiyoyaona. Basi ni sifa ipi ya barabara isiyo na matundu inayofanya kazi yote hii? Kwamba haikatiki vipande viwili vilivyoachana. Na sasa umeshaingia topolojia, bila mtu kukupa taarifa. Bado anaweza kukutoa kwenye barabara akakupeleka kwenye ikweta, hapo Kenya na Uganda inapopita, akuulize kama kuna nukta mbili zinazotazamana pande mbili za dunia zenye joto sawasawa kabisa kwa wakati mmoja. Zipo, na ujanja ni ule ule wa lori.

Ona swali la darasa la saba lilivyotufikisha mbali, na hatukusogea kwa kujua mambo mengi. Tulisogea kwa sababu palikuwa na mtu anauliza. Hiki ndicho ninachotaka kumwambia mwalimu wa Momba: vitabu utavipata, maswali ya nyuma utayapata. Kitu kigumu kukipata ukiwa peke yako ni mtu wa kukuuliza kwa nini, usoni, na asikuachie mpaka umjibu au useme sijui.

Tena mwalimu, kazi yako inakupa nafasi usiyoiona. Mwaka 1858 Richard Dedekind, Mjerumani kijana, alikuwa anafundisha kalkulasi pale Zürich. Akijiandaa na somo, akaona kwamba jambo analowaambia wanafunzi kuhusu vikomo hana msingi wa kulithibitisha, anategemea mchoro ubaoni. Likamkera. Akalifanyia kazi, na alichokipata, yaani namna ya kuzijenga namba halisi zisizo na matundu, alikichapisha mwaka 1872. Mwaka huo huo wa 1872 Ludwig Sylow wa Norway alichapisha nadharia zake kuhusu makundi, ambazo leo hazikosekani kwenye mtihani wa kufuzu wa aljebra popote. Sylow hakuwa profesa. Alikuwa mwalimu wa sekondari katika mji mdogo wa Frederikshald, na alifundisha hapo miaka 40, tangu 1858 hadi 1898. Frederikshald nao ni mji wa mpakani, jirani na Sweden, lakini sitaki kulivuta hilo mpaka likatike.

Swali linalopendwa la Sylow ni hili: thibitisha kwamba kila kundi lenye memba 15 linazalishwa na memba mmoja tu. Aliyekariri analimaliza dakika tano. Kisha mtahini anamuuliza, na la memba 21? Hapo inabidi ujue kwa nini hoja yako ilifanya kazi. Kwa 15, ambayo ni tatu mara tano, tatu haigawi nne, yaani tano toa moja. Kwa 21, ambayo ni tatu mara saba, tatu inagawa sita, yaani saba toa moja, na mlango unafunguka kwa kundi la namna nyingine kabisa. Ukilijua hilo, 15 umeielewa. Usipolijua, 15 umeikariri.

Wa kukuuliza utampata wapi ukiwa Momba? Mbeya si mbali, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kiko pale, chenye watu wa hisabati. Usiende na ombi la jumla la kusaidiwa. Nenda na uthibitisho mmoja ulioandikwa, umwombe mtu nusu saa autoboe. Watu wenye kazi nyingi hukataa kufundisha, lakini wachache hukataa kutoboa. Halafu upo mtandao unaoitwa Programu ya Hisabati ya Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2002 kwa msaada wa Uppsala, Sweden. Ndani yake wamo Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Rwanda na pia Zambia, na umekuwa ukiandaa shule za muda mfupi kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Kwa mtu wa Tunduma, Lusaka si ugenini. Ipo pia AIMS, taasisi ya Kiafrika ya sayansi za hisabati iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2003 na Neil Turok, ambaye utotoni aliishi hapa kwetu Tanzania wazazi wake walipokimbia ubaguzi. Utaratibu wake ni walimu na wanafunzi kuishi pamoja, kwa hiyo swali linaweza kukukuta hata ukiwa na sahani ya ubwabwa.

Na wakikosekana wote hao, una wenzako wa ofisi ya walimu. Nasema kweli. Mchukue mwalimu wa fizikia, au hata wa Kiswahili, umweleze uthibitisho wa Bolzano kwa Kiswahili. Mtihani utakuwa kwa Kiingereza, hilo najua. Lakini Kiingereza cha vitabu kina ubaya mmoja: unaweza kukitamka chote bila kukielewa, na kikasikika vizuri. Ukimweleza mtu kwa lugha uliyoanzia shule, pale usipoelewa utagugumia, naye atakuona. Wengine wana kundi la WhatsApp la watu watatu au wanne: unapiga picha karatasi yako, unatuma. Mkifanya hivyo wekeni sharti moja, kwamba ni marufuku kujibu "safi" au kutuma kidole gumba. Anayepokea lazima arudishe swali.

Vitabu nitavipita haraka, maana kila mtu anavitaja vile vile. Kitabu cha Walter Rudin cha misingi ya uchanganuzi, chembamba na kikavu, alikiandika akiwa mwalimu kijana pale MIT, kikatoka mwaka 1953. Aljebra, Dummit na Foote. Topolojia, Munkres. Uanze na viwili tu, uchanganuzi na aljebra, uvisage. Soma nadharia, funga kitabu, ithibitishe mwenyewe kwenye karatasi tupu. Ukishindwa fungua, tazama mstari mmoja, funga tena. Ni kazi ya polepole mno na wiki ya kwanza utaona kama husogei. Muhula ukiwa unaendelea, na madaftari ya kusahihisha yamejaa mezani na umeme nao una tabia zake, usijidanganye kwamba utapiga msuli kila usiku. Weka usiku chache za uhakika, na kazi nzito ibaki likizo ya Juni na ya Desemba. Madesa ya Berkeley na Harvard yafungue mwishoni, na kila swali ukilimaliza libadilishe: ondoa sharti moja uone jibu linavunjikia wapi.

Jambo moja la manufaa ambalo wengi hawaambiwi mapema. Vyuo kadhaa vya Marekani humruhusu mwanafunzi mpya kujaribu mtihani wa kufuzu mara tu anapofika, kabla masomo hayajaanza, na akianguka jaribio hilo halihesabiwi. Uliza chuo chako. Anayefika amejiandaa anaweza kuumaliza mwezi wa Agosti au Septemba, akautumia mwaka mzima kutafuta msimamizi, wakati wenzake bado wanahangaika na Sylow. Na ndani ya chumba cha mtihani, andika kile unachoweza kukithibitisha, hata kama ni nusu ya swali, na useme wazi ni nusu. Watahini wa hisabati wana pua. Uthibitisho uliofunikwafunikwa wanaunusa toka mlangoni, na unawaudhi kuliko karatasi nyeupe.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha mkono. Nawaachia swali la wiki. Lori letu siku ya kwanza limefika mizani ya Mpemba likakutwa na uzito wa kupita kiasi. Likarudishwa Tunduma kupunguza mzigo, likaanza upya, na bado likaingia Mbeya saa kumi na mbili jioni. Siku ya pili likarudi kama kawaida. Je, mahali pale pa saa ile ile bado papo, au pamepotea, au sasa pako zaidi ya pamoja? Jibu la ndiyo au hapana sitalisoma hewani. Nitasoma sababu.